Mkeka wa Kumi

Jambo hili lote lilinigharimu hatua ishirini na mbili. Nimezipima mara mbili: mara ya kwanza kwa macho, siku ile yenyewe, na mara ya pili kwa miguu, baada ya kamba kuondolewa. Kutoka pale walipofunga kamba ya katani hadi kizingiti cha nyumba ya mama yangu ni hatua ishirini na mbili za mwanamke aliyechoka. Sikuruhusiwa kupiga hata moja. Vitu vingine nilivyopoteza mwaka ule wa mafua makubwa, samaki waliooza, viatu, hata sauti, nimekwisha kuvisamehe. Hatua hizo bado.

Mafua yalikuja na meli kutoka Albertville, kusini mwa ziwa, au ndivyo tulivyoambiwa. Wengine walisema yaliletwa na upepo, lakini upepo hauzuiliki bandarini na meli inazuilika, basi ikawa ni meli. Nyuma ya mafua zikaja sheria. Zilisomwa sokoni Baraka mbele ya umati mkubwa, na sheria ya kwanza ilikuwa kwamba umati ni marufuku. Soko likafungwa siku hiyo hiyo. Mtu asitoke kijiji kimoja kwenda kingine bila karatasi. Pombe isinywewe kwa kikombe kimoja. Kila mtu akalie mkeka wake, asikaribiane na mwenzake. Maiti azikwe siku aliyokufa. Na mkutano wowote, uwe wa msiba, wa harusi au wa maombi, mwisho watu kumi.

Mkutano wa kupima pamba ya serikali haukutajwa. Siku ya kupima pamba tulisimama mstari mmoja, jasho kwa jasho, mizigo kichwani, na mafua yalipumzika mpaka kilo ya mwisho.

Sisemi mafua yalikuwa ya uongo. Niliona wanaume wenye mabega mapana wakishindwa kuinua bakuli la uji. Ningekuwa mimi mwenye kutunga sheria, pengine na mimi ningesema watu kumi. Sina ugomvi na kumi. Ugomvi wangu ni na mtu aliyepewa kazi ya kuhesabu hadi kumi, akashindwa.

Huyo tulimwita Saniteri, kwa kuwa alikuwa gadi wa afya, mwenye kofia ya serikali na kipande cha chaki mfukoni cha kuandika alama milangoni. Alikuwa mtu wa hapa hapa Baraka. Kabla ya kofia alikuwa akinunua ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwangu, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuomba matabishi, wale samaki wa juu tunaomwongezea mnunuzi ili arudi kesho. Nilimwongezea kila mara. Najua idadi yao.

Mama alipougua mimi nilikuwa Kazimia, nimekwenda kununua ndagala kwa wavuvi. Mtu mmoja aliyepita na baiskeli akanipigia kelele kutoka barabarani: "Mama yako amelala, haamuki!" Mitumbwi ilikuwa imepigwa marufuku. Ilibaki miguu, na miguu ilitaka karatasi. Nikaenda kwa karani.

"Unakohoa?" akaniuliza kabla ya salamu.

"Bwana karani, mvua imeanza, ndagala nawakausha kwa moshi. Hata mbuzi yangu anakohoa."

"Mbuzi haombi karatasi. Kaa pale kwenye baraza siku mbili. Usipokohoa, utaenda."

Nikakaa siku mbili barazani kwa karani, nikimeza kikohozi kwa punje za chumvi. Mtu akitaka kujua uhuru ni kitu gani, asiende mbali, azuiwe kukohoa siku mbili. Siku ya pili jioni nikapata karatasi. Sikusubiri viatu vyangu vikauke. Nilivibeba mkononi, na njiani nikamwachia mama mmoja kwa sahani ya ugali.

Nilifika Baraka jua likiwa utosini. Nyumba ya mama ilikuwa upande wa njia inayopanda kwenda Fizi. Kabla sijaiona niliisikia: watu wachache wanalia kwa sauti ya chini, kama wanaoogopa kukamatwa. Mama alikuwa amekufa alfajiri. Kamba ilikuwa imezungushwa uwanja mzima, na kwenye kamba alisimama Saniteri.

"Simama apo," akasema.

"Mi niko mutoto yake."

"Najua, dada. Pole sana. Lakini mu nyumba iko batu kumi. Sheria ni kumi."

"Basi mumoja atoke, mi niingie."

"Mwenye aliingia hatoki mpaka siku kumi na ine. Na we ukivuka hii kamba, bote benye kuwa mule batapelekwa lazareti."

Lazareti ilikuwa kile kibanda cha wagonjwa kando ya ziwa, na kila mtu alijua kwamba walioingia kwa miguu hawakutoka wote kwa miguu.

"Umebahesabu mara ngapi?" nikamuuliza.

"Mara moja inatosha."

"Inatosha nani?"

Akakaza fundo la kamba. Nikamwita mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, ambaye nilimjua kwa kikohozi chake kuwa yumo ndani. Akajibu kupitia dirishani, bila kutoa kichwa: "We mutoto, kaa apo apo! Usituletee taabu juu ya taabu!"

Nikakaa hapo hapo. Walimtoa mama kwa mlango wa nyuma, amefungwa ndani ya mkeka wake, wakampeleka nyuma ya shamba la mihogo. Nilitembea kufuata kamba upande wa nje, wao upande wa ndani, mpaka kamba ikakata kona na mihogo ikanificha kila kitu. Nililia na mti wa uzio. Saniteri alivua kofia. Nakiri hivyo, alivua kofia. Kisha akaivaa tena.

Siku kumi na nne zilipokwisha, kamba ikaondolewa, nikaingia. Mama mdogo, mdogo wake mama, alinikumbatia akanieleza yote tangu mwanzo. Hapo ndipo nilipojua habari ya mikeka.

Kwetu watu hawahesabiwi kwa kidole. Mimi ninayehesabu ndagala mara mbili na chenji mara tatu sijawahi kunyoosha kidole kwa watoto wa mtu nikasema mmoja, wawili. Unawahesabu leo, kesho anapungua mmoja, watu wanakumbuka kidole kilikuwa cha nani. Na penye msiba ndiyo kabisa. Saniteri alipofika mlangoni asubuhi ile, alinyoosha kidole chake na kuanza: moja, mbili. Mjomba akamkemea.

"Alimwambia nini?" nikauliza.

"Alimwambia: 'Sisi hatuko mbuzi! Utuhesabu na kidole, na maiti iko ndani?' Saniteri akaona haya, unajua naye ni mutoto wa hapa. Akasema, 'Basi, wazee, nitahesabu mikeka. Si kila mutu iko na wake?' Mjomba wako akakubali. Akahesabu mikeka, akakuta kumi, akatoka."

Nikaomba karanga. Nikamwambia mama mdogo anitajie waliokuwamo, mmoja mmoja, kwa mahali alipokaa, na kwa kila mmoja nikaweka karanga chini. Mjomba karibu na dirisha. Mama mdogo mwenyewe. Ndugu zangu. Wakwe wawili. Mpaka mwisho. Zikawa karanga tisa. Nikazichanganya, nikaanza upya kutoka upande wa pili wa nyumba. Tisa.

"Mama mudogo, mikeka ilikuwa kumi?"

"Kumi. Mimi mwenyewe niliitandika."

"Na leo iko mingapi?"

"Tisa. Ule mwingine si mama yako alikwenda nao?"

Alipomaliza kusema hivyo akaziba mdomo kwa kiganja. Nafasi ya kumi ndani ya nyumba ile ilikuwa imepewa mama yangu. Alihesabiwa kati ya waliokuja kumlilia, kati ya wale wanaoweza kuambukiza na kuambukizwa, na kwa sababu yeye alikuwapo, mimi nikabaki nje.

Unaweza kusema basi, yamepita. Hayakupita. Siku ya kuondoa matanga, watoto wa marehemu hunyolewa pamoja, mahali pamoja, na kuanzia hapo ndipo wana sauti katika mambo ya nyumba ile: shamba, ndoa, ugomvi, kila kitu. Ndugu zangu walipokaa chini kunyolewa, mjomba aliniwekea mkono begani kabla sijakaa.

"We hukuingia," akasema.

"Si wewe mwenyewe ulinikataza, mujomba?"

"Nilikukataza kuvuka kamba. Sikukukataza kufika mapema."

Nikamweleza habari ya karanga. Akasikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa haki pale ambapo haki haimgusi yeye. Kisha akasema, "Kama ni hivyo, mwenye kukufungia njo akufungulie. Saniteri aje asimame kwa mulango ya dada yangu, aseme na kinywa yake kwamba nafasi ilikuwa, na ilikuwa yako. Siku hiyo utanyolewa. Bila hiyo, watu watasema mutoto wa kike alisimama njiani kama mupita njia, na mi sitakuwa na jibu."

Aliyeleta habari ya kutohesabu kwa kidole ni yeye, mjomba. Nililiona hilo. Lakini mtu halipizi kwa mjomba wake. Anamzidishia chumvi kidogo kwenye mboga, basi. Nikaenda kwa Saniteri.

Nilimkuta anapaka chokaa kwenye choo cha soko. Nikamweleza taratibu. Karanga, mikeka, mama. Nilimwona akielewa; brashi ilisimama ukutani na chokaa ikamtiririkia mkononi.

"Sitaki kitu kwako," nikamwambia. "Maneno tu. Uje mulangoni, useme mara moja, urudi kazini."

"Dada, neno nikilisema kwenu asubuhi, jioni Bwana Mukubwa kule Fizi amelisikia. Atasema huyu gadi anahesabu maiti pamoja na wazima. Kofia nitaiacha kule."

"Lakini ni kweli."

"Mi nilihesabu mikeka. Ninyi wenyewe njo mulikataa kidole." Akachovya brashi. Halafu akaniangalia kichwani, nywele zangu za msiba zilizokuwa zimeanza kusimama, akatabasamu kidogo. "Nenda, dada. Nywele zinaota kwa kila mutu."

Angekataa tu, pengine ningerudi kesho yake na kesho kutwa kubembeleza. Mimi nimeshinda wanunuzi wagumu kuliko yeye. Lakini alitania. Nikasema moyoni, haya, hili nalo nimeliandika.

Sikungoja sana. Saniteri alikuwa na binti wa kuozwa, na wakwe walitoka Lubondja, mlimani. Sheria ya watu kumi ilikuwa bado haijaondolewa, na yeye, kusema haki, aliifuata: watano wa kwao, watano wa kwake, karatasi zote zina mhuri. Mikeka kumi uwanjani. Njia ile ya kuhesabu mikeka ilikuwa imempendeza sana. Alikuwa amemfundisha hata polisi wa chifu, ambaye hakupenda kusumbuliwa na hesabu ndefu, na sasa Baraka nzima ilikuwa inahesabiwa kwa mikeka.

Ndagala wa karamu walinunuliwa kwangu. Mke wa Saniteri ndiye aliyenunua, hakujua lolote. Nikawabeba mwenyewe, saa nne asubuhi, kapu kichwani na mkeka mpya umekunjwa kwapani. Nikaweka kapu jikoni, nikamwongezea yule mama matabishi ya kutosha, nikapita uwanjani kama mtu anayetafuta njia ya kutokea. Wageni walikuwa wanasalimiana, wamesimama. Nikatandika mkeka wangu kwenye nafasi kati ya wakwe na wenyeji, nikaulaza vizuri, nikatoka nikasimama barabarani. Kisha nikamwambia polisi, aliyekuwa kwenye kivuli cha duka nilipomwomba aningoje: "Nenda uhesabu."

Akasimama nje ya uzio, akahesabu kwa sauti, kama alivyofundishwa.

"Mikeka kumi na moja."

"Kumi!" akasema Saniteri. Akageuka, akaona. "Aa-a. Ule hauna mutu."

"Mi nahesabu mikeka, chefu. Si we ulinifundisha?"

"Angalia basi! Iko mutu pale juu?"

Nikasema kutoka barabarani, kwa sauti ile ninayotumia kutangaza samaki: "Na ule wa mama yangu, ulikuwa na mutu?"

Uwanja mzima uligeukia barabarani. Mzee wa wakwe, mwenye koti la sufu katika joto lile, alinitazama nywele za msiba, akatazama mkeka mtupu uliokuwa karibu na goti lake.

"Huu mukeka ni wa nani?" akauliza.

Ningeweza kusema ni wangu. Nilikuwa na nafasi. Nikasema, "Ni wa mufu, mzee. Saniteri anamujua. Alimuhesabu."

Mkwe gani anajadili mahari akiwa amekaa ubavuni kwa mkeka wa maiti? Waliondoka bila kugombana, na hiyo ndiyo mbaya. Walifungua mbuzi waliyemleta, wakampa mama wa bibi harusi mkono, wakashika njia ya mlimani. Hakuna aliyeonja ndagala. Saniteri alikuwa anazunguka uwanjani akisema ni uongo, ni uchokozi wa mwanamke, na polisi alikuwa nyuma yake anauliza jina liandikwe vipi. Nilicheka mpaka nikakohoa, na karatasi sikuwa nayo.

Huko Fizi hawakumfukuza. Walimshusha. Kutoka kuhesabu watu walimpeleka kuhesabu vyoo, bila kofia. Nilipita mara mbili kwa makusudi mahali alipokuwa akichimba. Mara ya pili nikamsalimia: "Iko ngapi leo?" Sijutii. Nimejitafuta moyoni kama mtu anayetafuta sarafu kwenye kanga, nikakunja, nikakunjua. Hakuna majuto kwa Saniteri.

Shida ni binti.

Soko lilipofunguliwa alikuja mbele ya meza yangu. Msichana mrefu, mpole, mikono ya kazi. Nilidhani anataka ndagala, nikaanza kupima.

"Mama," akasema, "mi sikuhesabu mutu."

Nikarudisha ndagala kapuni.

"Mi sikufunga kamba," akaendelea. "Ule kijana wa Lubondja bado ananitaka, lakini wazee wake wanasema nyumba yetu ilitandikiwa maiti. Baba akiwaambia ni uongo, hawamuamini. Wanataka wewe. Upande mpaka kule, useme mbele yao kwamba mukeka ulikuwa wako, ulikuwa wa hasira, hakuna mufu."

"Baba yako anajua umekuja?"

"Hajui."

"Basi mwambie. Mwambie siku atakayosimama kwenye mlango wa mama yangu, kesho yake mi nitakuwa Lubondja."

Akaenda, akarudi siku ya tatu. Akasema: baba anasema wewe kwanza. Kofia imekwisha kwenda, hana tena cha kuogopa Fizi, lakini anasema ukishapata chako hutapanda mlima. Nikamwambia amwambie: na yeye akishapata chake, hatakuja mlangoni, namjua tangu enzi za matabishi. Akaenda. Akarudi. Amekuwa akienda na kurudi kati yetu mwaka mzima na nusu sasa. Siku hizi hanisalimii tena kwa maneno, anasimama tu, nami natikisa kichwa, anaondoka. Juma lililopita alisema neno moja zaidi: wazee wa Lubondja wamempa kijana mpaka mavuno ya karanga, baada ya hapo wataangalia nyumba nyingine.

Nimefanya biashara tangu nikiwa na meno ya utoto. Mtu akiogopa kutoa fedha, na mwingine akiogopa kutoa samaki, tunaviweka vyote viwili juu ya meza na kila mmoja anashika chake kwa wakati mmoja. Lakini hapa kimoja kinatakiwa Baraka na kingine Lubondja, na vyote viwili ni maneno, ambayo yakishatoka hayarudishwi kapuni. Nikipanda kwanza na Saniteri akanihadaa, mjomba yuko na umri wake, naye ndiye pekee wa kukubali ninyolewe. Akifa kabla, nitabaki mtoto aliyesimama njiani. Nisipopanda, yule binti ambaye hakuhesabu mtu atakuwa amelipa deni langu.

Basi wewe unayesoma, kama uliwahi kuuziana na adui yako kitu kisichoshikika, niambie: nani anaanza kuweka chini? Karanga za Lubondja nasikia zimekwisha kutoa maua.